Vita vya Kuikomboa Tarehe Kumi na Tisa

Zimeni redio, enyi mlioketi, na nyinyi mliosimama tafuteni pa kukaa, maana kisa hiki si cha kusikilizwa kwa mguu mmoja. Anayefagia na aegemeze ufagio, anayechambua mchele na asukume ungo pembeni, na mwenye chafya aipige sasa hivi ili tusisumbuane mbele ya safari. Nataka kuwasimulia habari za vita. Hamna panga humu, hamna farasi, wala haikumwagika damu isipokuwa tone moja la kidole kilichochomwa na sindano, nalo nitalitaja likifika zamu yake ili lipate heshima linayostahili. Ni habari za mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu, aliyeinuka asubuhi na birika mkononi akaukabili Wakati wenyewe, pamoja na mumewe aliyejiona kuwa naibu wa Wakati hapa duniani.

Mwanamke huyo mtaa mzima ulimwita Bi Kiraka. Alikuwa malkia wa cherehani ya mkono, mrefusha maisha ya suruali, mganga wa makwapa yaliyofumuka, na alijulikana kwa subira, kwani aliweza kungoja birika lichemke bila kufunua kifuniko hata mara moja kuchungulia. Kila alipotaka kusimama, magoti yake yalilia kwanza, ko, ko, kama matarishi wanaotangulia kutangaza kwamba mtukufu yuaja, ondokeni njiani. Mumewe alikuwa Fundi Saa, mfufuaji wa saa zilizokufa, bwana wa vibano na bisibisi nyembamba kama mguu wa mbu, mwenye kikombe cha kioo cha kukuzia vidude alichokibandika jichoni tangu ujana hata jicho lile likawa limezoea kukunjamana lenyewe, akionekana kama mtu anayemshuku kila anayesema naye. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, nesi wa hospitali, na kwa ajili yake Bi Kiraka alimwita mumewe Baba Nesi, naye akaitwa Mama Nesi, isipokuwa siku za hasira ambapo wote wawili waliitana wewe.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita, maana hakuna vita vilivyodumu miaka hamsini bila chanzo, hata kama chanzo chenyewe ni kidogo.

Harusi yao ilipangwa tarehe kumi na nane. Bibi harusi alivalishwa gauni jekundu tangu asubuhi na viatu vya kuazima vilivyombana vidole hadi vikasahau idadi yao. Akaketi akangoja. Wageni wakala, wakasinzia, wakaamka, wakala tena, wakaaga. Dada yake bwana harusi, ambaye ndiye wifi wa kisa hiki, alichungulia barabarani kutwa nzima, na kila aliporudi ndani alisema yule kaka yake anakuja sasa hivi, kwa sauti iliyozidi kupungua imani. Jua likazama. Taa zikawashwa. Usiku ukiwa mwingi ndipo bwana harusi alipoingia, tope hadi kwenye nyusi, akasema lori lilikwama. Wakaozwa mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa amelala. Na kabla hajamtazama mkewe usoni, Fundi Saa alitazama mkono wake wa kushoto, akatangaza mbele ya hadhara hiyo ndogo kwamba saa sita ya usiku bado haijafika, kwa hiyo leo ingali tarehe kumi na nane, kwa hiyo yeye hakuchelewa.

Hapo ndipo moto ulipowashwa. Maana Bi Kiraka alisema, na akaendelea kusema, kwamba usiku ule ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe kumi na tisa, na usiku ni mali ya asubuhi unayoiamkia. Mtu akikwambia usiku wa kuamkia Ijumaa, nani atakuja kukwambia ni wa Alhamisi? Fundi Saa akajibu kwamba siku haigeuki kwa maneno ya watu, inageuka kwa mishale miwili ikikutana juu. Basi ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Tarehe kumi na nane mume humwamkia mkewe, hongera mke wangu, naye hujibu, "Hongera ya nini? Leo sina mume, nina viatu vinavyobana." Kesho yake mke humwambia hongera mume wangu, naye hujibu kwamba hiyo ni ya jana, imeshapoa. Miaka nenda miaka rudi, watu hawa wawili waliokula sahani moja na kulala kitanda kimoja hawakuwahi kupongezana siku moja.

Subirini, nakuja kwenye vita vyenyewe.

Ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo, ilitundikwa kalenda ya kuchana, nene kama tofali, kila siku na karatasi yake. Mbele ya karatasi palikuwa na tarehe kwa wino mweusi, na nyuma yake paliandikwa Siku Kama ya Leo, na chini yake mambo makuu yaliyotokea duniani tarehe hiyo: wafalme waliovikwa taji na waliovuliwa, vita vilivyokwisha, milima iliyopandwa na watu wasio na kazi nyingine. Kila asubuhi Fundi Saa alichana karatasi ya jana kwa adabu kama anayemvua mzee kofia, kisha akaifunua ya leo kwa kidole akasoma nyuma yake, akiinama chini yake kama anayechungulia uvungu. Bi Kiraka alisikiliza akimimina chai. Alizipenda habari zile, ingawa kila mara aliuliza siku hiyo wake wa wafalme walikuwa wapi.

Ilipowadia asubuhi ya tarehe kumi na nane, katika mwaka wa hamsini wa ndoa yao, simu ililia, akawa ni binti yao. Alieleza kwamba amepewa siku moja tu ya mapumziko, leo au kesho, na msimamizi wake anataka jibu kabla ya mchana. Atakuja na watoto, atakuja na keki, keki hiyo itaandikwa miaka hamsini, ila itakatwa mara moja tu. Wazazi waamue wenyewe. Yeye mwenyewe, akasema, alizaliwa akaikuta kesi hii na hana nia ya kuirithi. Akakata simu.

Kwa mara ya kwanza tangu lori likwame, ilikuwa lazima mmoja wao ashindwe.

Fundi Saa akainuka. Akabandika kioo jichoni, akakipenyeza kidole chini ya karatasi ya kumi na nane, akainama, akasoma kwa sauti ya mahakamani: siku kama ya leo mfalme wa nchi ya mbali alivikwa taji, siku kama ya leo majeshi mawili yaliweka silaha chini, siku kama ya leo lilifunguliwa daraja refu kuliko yote juu ya mto mkubwa, na watu elfu wakalivuka wakiimba.

"Unasikia, Mama Nesi?" akanena, mkono mmoja kifuani. "Hii ndiyo tarehe. Taji, amani, daraja, na ndoa yetu. Historia yenyewe ilipotafuta siku ya kufanyia mambo, ilichagua kumi na nane. Hiyo kumi na tisa yako ina nini? Hebu tuione."

Akahamisha jicho kutoka kwenye ile karatasi hadi kwenye iliyo chini yake, akatulia, akakunja jicho lile la kushuku, akatoa kicheko kirefu ambacho wifi alikisikia akiwa nyumba ya pili, akaja mbio na mwiko mkononi. Chini ya kumi na nane palikuwa na ishirini. Kumi na tisa haikuwepo. Ulimwengu wa kalenda ulikuwa umeruka siku moja kama mtu anayeruka dimbwi.

Wifi alipoelezwa aliketi kabisa ili acheke vizuri. Alimwambia Bi Kiraka kwamba sasa hata wenye mashine za kuchapa wameichoka ile tarehe yake. Naye Fundi Saa, akilewa ushindi, alifanya kosa ambalo majemadari wengi wamelifanya kabla yake: alizungumza zaidi ya ilivyohitajika.

"Kalenda hii ikinionyesha kumi na tisa," akasema, "mimi kwa mdomo wangu huu nitamwambia binti yetu aje kesho, na nitakiri kwamba tulioana siku hiyo. Wifi yako ni shahidi, na leo hajalala."

Magoti ya Bi Kiraka yakalia, ko, ko, mtukufu akasimama. Akaivuta stuli hadi kabatini, akapanda kwa hatua ya kwanza, akapumzika, akapanda kwa ya pili, akapumzika, na kutoka kilele kile cha urefu wa ndoo mbili akanyoosha mkono, akaishika karatasi ya kumi na nane kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua. Akaisugua tena. Mtu aliyeshika vitambaa maisha yake yote akishika kitu chenye bitana hujua kuna bitana.

"Hii ni mbili," akasema.

Mumewe alimwambia asijitie wazimu. Alipoona anaingiza kucha ili kuichana, akapiga kelele kwamba siku haijaisha, jua ndiyo kwanza linapanda, hakuna mtu mwenye akili anayechana leo ikiwa ingali leo. Bi Kiraka akaichana. Akashuka nayo kifuani kama aliyeokoa mtoto kwenye mafuriko, ingawa kwa kweli kushuka kulichukua muda, na wifi ilibidi amshike kiuno.

Karatasi mbili zilikuwa zimeshikana katikati kama wapenzi wanaoagana stendi. Adui alikuwa gundi. Na kwa gundi kuna silaha moja tu ambayo wanawake wa nyumba ile waliijua, nayo ni mvuke.

Birika likawekwa motoni, jeusi la makalio, mashuhuri kwa kelele, mkongwe wa mapigano mengi. Bi Kiraka akavaa subana kwenye kidole cha kati, ile kofia ndogo ya chuma ya washonaji, akatwaa sindano butu, akangoja. Yeye ni bingwa wa kungoja. Fundi Saa alitembea kutoka meza hadi mlango na kurudi, akiuliza kama maji bado. Maji yalipochemka, jemadari wetu Bi Kiraka akainamia mdomo wa birika kwa ujasiri mkubwa, na mara miwani yake yote ikafunikwa na ukungu asione hata mkono wake. Shambulio la kwanza likavunjika. Akarudi nyuma akapapasa ukuta, akaifuta miwani kwa ncha ya kanga, akaivua kabisa, na ndipo alipojichoma sindano. Hapa ndipo lile tone la damu. Naomba tulipe heshima kidogo. Haya, inatosha.

Katika shambulio la pili pembe ya karatasi ililegea. Akapenyeza sindano, akaisogeza polepole kama anayemtoa mtoto mwiba, mvuke ukipanda, ubavu mmoja ukaachia, na katikati ya karatasi zile mbili akaona kitu chekundu.

Akasimama hapo hapo. Uso ukambadilika.

Maana kitambaa kile chekundu alikijua. Kilikuwa pindo la gauni lake la harusi. Mwanzoni mwa mwaka, akijua kwamba mwaka huu ni wa hamsini na kwamba haufai kupita kimyakimya, alikuwa ameifunua kalenda hadi tarehe kumi na tisa, akakata kiraka kidogo cha gauni lile na kukibandika pale kama bendera, ili siku ikifika mumewe aione hata bila kioo. Akapika gundi ya unga. Akaipaka kwa ukarimu, kama anayempakia mgeni siagi kwenye mkate. Akafunika kalenda gundi ikiwa bado mbichi, akaenda kupika, akasahau. Bendera ikaumeza ufalme wake ukutani. Hapakuwa na adui wa nje. Adui alikuwa jikoni muda wote, amevaa subana.

"Ni nini hicho?" akauliza wifi, shingo ndefu.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuliacha birika lipoe, akasema basi, imeharibika, na binti yao akaja leo, na keki ikakatwa leo, na hakuna ambaye angejua kwamba mshonaji wa mtaa mzima alishindwa na kiraka chake mwenyewe. Nguvu hiyo ya kunyamaza ilimjia, akaiangalia kidogo, akaiacha ipite.

"Ni kiraka changu," akasema. "Mimi ndiye niliyekibandika. Nilitaka kuipamba tarehe yangu nikaizika. Cheka wifi, cheka usinibakishie, maana mimi mwenyewe nitacheka nikimaliza. Lakini kwanza naitoa."

Wifi akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Fundi Saa hakucheka. Alikuwa amekisogelea kile chekundu na kukitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba gauni lile alidhani limeliwa na mende siku nyingi. Bi Kiraka akamjibu kwamba mende hawakupewa nafasi.

Shambulio la tatu likaanza, na likaenda vibaya. Vidole vilikuwa vimechoka, karatasi imelowa, na ufa ukaanza kutambaa kuelekea kwenye tarakimu yenyewe. Milimita chache tu na tisa ingekatwa kichwa. Kwenye meza simu ikaanza kulia, na hakuna aliyeigusa.

Sasa jueni jambo moja kuhusu mafundi. Fundi anaweza kuvumilia kushindwa, kutukanwa, hata kutolipwa, lakini hawezi kutazama kazi ikiharibika mbele yake akaweka mikono mfukoni. Fundi Saa alivumilia, akavumilia, jasho likamtoka, mwisho akavuka mpaka.

"Achia," akasema. "Achia, unaiua."

Akaleta kibano chake chembamba kuliko vyote. Akabandika kioo jichoni. Akamwambia mkewe ashike birika, alipandishe, alishushe, zaidi kidogo, hapo hapo. Na majeshi yale mawili yaliyopigana miaka hamsini yakasimama upande mmoja wa jiko, kichwa kwa kichwa, wakipumua mvuke mmoja, mume akiinua uzi kwa uzi na mke akishika birika, hata kiraka kikaachia na karatasi mbili zikatengana na kulala mezani ubavu kwa ubavu, moja imeandikwa kumi na nane na moja kumi na tisa, yenye bendera nyekundu na ufa mdogo begani, lakini hai.

Wifi akasema haya, sasa kaka aitimize ahadi. Lakini Fundi Saa hakuwa anamsikia. Alikuwa amezigeuza karatasi kuangalia kama zimeumia upande wa pili, na kioo kingali jichoni akaanza kusoma. Nyuma ya kumi na tisa: taji, majeshi, daraja. Yale yale aliyoyasoma asubuhi. Kumbe alipofunua karatasi asubuhi alikuwa amefunua mbili, na fahari yote aliyoitangaza ilikuwa mali ya adui. Akaigeuza kumi na nane. Gundi ilikuwa imekula mistari karibu yote, umebaki mmoja tu.

"Usome kwa sauti, kaka," akasema wifi. "Umezoea kusoma kwa sauti."

Akasoma. Siku kama ya leo, ufunguzi wa daraja refu kuliko yote uliahirishwa hadi kesho yake, kwa kuwa mgeni rasmi alichelewa njiani.

Hakuna aliyecheka, hata wifi, na wifi aliwahi kucheka hadi msibani. Birika lilikuwa bado linapumua. Simu ikalia tena, ikanyamaza. Fundi Saa alikivua kioo jichoni, akakaa kwenye stuli, na bila kioo kile uso wake ulionekana mdogo, kama nyumba iliyotolewa dirisha.

"Saa yangu ilisimama," akasema.

Mkewe akaliweka birika chini.

"Usiku ule. Tulipokuwa tunalisukuma lori, tope liliingia ndani, ikasimama. Nilipofika nikaitazama, ikasema saa sita bado, nami nikaisadiki kwa kuwa ilinipendelea. Sijui niliingia saa ngapi, Mama Nesi. Huenda hata ilikuwa inakaribia alfajiri. Lakini mimi ni fundi saa. Nani angeniletea saa yake, akijua yangu ilinifia siku ya harusi yangu?"

Bi Kiraka alivua subana, akaiweka juu ya meza kando ya karatasi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Uliivua ukaiweka dirishani, ukalala. Mimi nilikuwa sina usingizi, miguu inauma. Nikaitegea sikio. Ilikuwa kimya kama jiwe."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja uniambie," akasema Bi Kiraka. "Sikuwa na haraka. Siku nzima ile nilijifunza kukungoja, nikaona nisiupoteze ujuzi."

Simu ilipolia mara ya tatu, Fundi Saa aliipokea mwenyewe. Alimwambia binti yao maneno mawili, "Njoo kesho," na baada ya swali kutoka upande wa pili, akaongeza kwamba hapana, mama yako hajaniloga, ni mimi. Kisha akaichukua karatasi ya kumi na nane, akapanda stuli akaipachika tena mahali pake kwa pini, maana siku ilikuwa haijaisha na yeye ni mtu wa utaratibu, na nyuma yake akaipachika kumi na tisa ikiwa bado na unyevu.

Asubuhi yake, kabla binti hajafika na keki, kabla watoto hawajamwaga chochote, Fundi Saa aliichana kumi na nane kwa adabu yake ile ile, na bendera nyekundu ikatokeza ukutani ikiwa imekunjamana kama uso wa aliyelala vizuri. Akageuka. Akasema, "Hongera, mke wangu."

Bi Kiraka alikuwa anamimina chai. Mdomo ulikwisha kujiandaa kwa jibu la miaka yote, lile la viatu, ukalitafuta usilione. Akamtazama mtu wake, kutoka nyusi hadi ndara, hana tope popote.

"Na wewe hongera," akasema. "Leo umewahi."

Basi waandikieni wafalme taji zao na majeshi amani yao, na daraja lile la mbali lipewe mstari wake. Lakini chini ya hayo yote, nyuma ya karatasi yenye ufa begani na kiraka kifuani, kama pana nafasi hata ya kupitisha uzi, iongezwe kwamba siku kama ya leo mgeni rasmi alifika, akamkuta mwenyeji bado macho.